Spini mbili ndani ya almasi, na faida iliyotokea upande nisioutazama

Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha kazi mbili zilizotoka katika maabara zilizo mbali kabisa, moja ya Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani na nyingine ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha China kilichoko Hefei, nazo zilitenda jambo ambalo sisi tunaohangaika na almasi tumelisema kwa miaka mingi kuliko tulivyolitenda. Kila moja ilichukua spini mbili za elektroni zilizokaa ndani ya almasi, umbali baina yao ukihesabika kwa nanomita, ikazitia katika mfungamano wa kikwanta, kisha ikazitumia kupima sumaku kwa namna isiyowezekana kwa spini moja peke yake. Nimezisoma kazi hizo mara kadhaa, penseli mkononi. Jambo lililonigusa ni kwamba sehemu kubwa ya faida waliyoipata haikutoka upande ule niliofundishwa kuutazama, na kwa kuwa nilipoteza miezi kadhaa ya mwanzo wa utafiti wangu nikiutazama upande huo huo, naona nina haki ya kulieleza jambo hili kwa kirefu.

Niseme kwanza kuhusu maneno, maana Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya istilahi za fani hii na kila mwandishi anajikatia njia yake. Spini ni usumaku wa asili wa elektroni. Ichukulie kuwa ni sindano ndogo mno ya dira. Fezi ninayoitaja hapa si ile ya mafundi umeme, yaani waya wenye moto, bali ni pembe ambayo sindano hiyo imeifikia katika kuzunguka kwake, kama mshale wa saa unavyoonyesha umeshafika wapi. Mfungamano ni hali ambayo spini mbili hazina tena habari za kila mmoja kivyake: ukiuliza ya kwanza inaelekea wapi hupati jibu la hakika, ukiuliza ya pili ni vivyo hivyo, lakini ukiuliza kama zote mbili zinaelekea upande mmoja au zinapingana, jibu lipo na halibahatishi.

Sasa almasi yenyewe. Ni kaboni iliyopangwa kwa utaratibu mkali, kila atomi ikishikana na wenzake wanne. Ikitokea atomi moja ya kaboni imeondoka na mahali pake pakakaliwa na naitrojeni, na atomi ya jirani yake ikakosekana kabisa, hapo pana kasoro ambayo kwetu ina thamani kuliko jiwe zima. Ile nafasi tupu mimi huiita pengo, kwa sababu ndivyo ilivyo: jino moja limetoka na la jirani yake ni la kuwekewa. Elektroni zilizobaki bila mshirika hujikusanya penye pengo hilo, na kasoro ikishapata elektroni moja ya ziada hugeuka kitu kama atomi moja iliyofungiwa ndani ya kioo, tulivu hata katika joto la kawaida la chumba. Ukiimulika kwa leza ya kijani yenye urefu wa wimbi wa nanomita 532, hurudisha mwanga mwekundu unaoanzia nanomita 637 kwenda juu. Uzuri wake ni kwamba mwanga huo mwekundu husema habari za spini. Spini ya kasoro hii ina hali tatu, yaani sifuri, +1 na −1. Ikiwa katika hali ya sifuri hung'aa sawasawa, na ikiwa katika hizo nyingine mbili mng'aro hupungua kwa takriban asilimia 30. Leza hiyo hiyo, ikiachwa iwake kidogo, huirudisha spini katika hali ya sifuri, kwa hiyo chombo kimoja kinasoma na kufuta.

Kuitoa spini kwenye sifuri kunahitaji mawimbi ya maikrowevu ya gigahezi 2.87, masafa ambayo si mbali na gigahezi 2.45 za lile jiko la kupashia chakula. Nakumbuka usiku wa kwanza nilipoliona hili kwa macho yangu. Chumba kilikuwa giza, leza imefunikwa kwa pazia jeusi, na kwenye skrini mstari wa hesabu ya fotoni, yaani chembe za mwanga, ulikuwa ukitembea kutoka kushoto kwenda kulia masafa yakipanda. Ulipofika 2.87 ukazama, ukafanya bonde, ukainuka tena. Nikachukua sumaku ndogo, nikaisogeza taratibu kuelekea kwenye almasi, na bonde lile likagawanyika kuwa mabonde mawili yaliyoachana kadiri mkono wangu ulivyokaribia. Nilipourudisha nyuma, nayo yakarudiana. Kila militesla moja ya uga wa sumaku ulioelekea sambamba na kasoro husukuma kila bonde megahezi 28. Nilicheza na ile sumaku kama mtoto kwa karibu saa nzima, na sikuandika chochote kwenye daftari.

Historia yake naipita haraka. Mwaka 1997 A. Gruber, Jörg Wrachtrup na wenzao huko Ujerumani walionyesha kwamba kasoro moja moja inaweza kuonekana na spini yake kusomwa kwa mwanga. Mwaka 2008 makundi ya Harvard na Stuttgart yalionyesha kwamba kasoro hiyo moja inaweza kuwa kipima sumaku. Mwaka 2009 ilipimwa spini iliyokumbuka fezi yake kwa milisekunde 1.8 katika joto la chumba, ndani ya almasi iliyokuzwa kwa kaboni iliyosafishwa ili kaboni-13 isiwe nyingi, kwa sababu kaboni-13, ambayo kwa asili ni asilimia 1.1 ya kaboni yote, ina usumaku wake mwenyewe katika kiini, na usumaku huo ni kelele.

Hapa huwa naulizwa, hasa na ndugu wa Shinyanga, kama almasi za Mwadui zinafaa kwa kazi hii. Mgodi ule, ambao John Williamson aliugundua mwaka 1940, umetoa mawe mazuri sana ya waridi, na mwaka 2022 jiwe moja lililochongwa kutokana na almasi yake liliuzwa Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57. Kwa vihisi vya kikwanta, hata hivyo, almasi nyingi za asili zimejaa naitrojeni kupita kiasi, na naitrojeni hiyo imejikusanya katika makundi yasiyotufaa. Tunazotumia hukuzwa ndani ya chumba cha plasma kutokana na gesi ya methani, tabaka juu ya tabaka, mpaka zipatikane zenye naitrojeni chini ya atomi 5 katika kila atomi bilioni. Kipande nilichofanyia kazi kilikuwa na upana wa milimita 4 kwa 4 na unene wa nusu milimita, na ukikidondosha sakafuni unaweza kumaliza mchana mzima ukitambaa kukitafuta.

Turudi kwenye kipimo. Ili kuhisi uga dhaifu, spini huwekwa katika hali mbili kwa pamoja, ikaachwa izunguke kwa muda, kisha fezi iliyokusanya ikageuzwa kuwa mng'aro. Uga ukiwa mkubwa, fezi ni kubwa. Muda ukiwa mrefu, fezi ni kubwa zaidi, mradi kelele za jirani hazijaivuruga. Mpaka hapo kila kitu ni kizuri. Ubaya uko kwenye kusoma. Kasoro moja, kupitia lenzi za kawaida, hutupa fotoni kama 100,000 kwa sekunde, na dirisha la kusomea kabla leza haijaifuta spini ni nanosekunde 300 hivi. Zidisha: ni fotoni 0.03 kwa kila jaribio. Maana yake, ukirudia jaribio mara 100, spini inayong'aa itakupa fotoni 3, na iliyofifia itakupa 2. Kutofautisha 3 na 2, wakati idadi yenyewe inayumbayumba kwa bahati nasibu, ndiyo kazi yetu ya kila siku. Tunairudia mara milioni kadhaa na kumwomba Mungu meza isitikisike. Kwa lugha ya wenye fani, kelele ya usomaji huu ni kama mara 30 ya kiwango cha chini ambacho kanuni za kwanta zenyewe zinakiruhusu. Msomaji aishike namba hiyo 30, maana ndiyo itakayobeba mzigo huko mbele.

Mfungamano uliingia katika mazungumzo haya kupitia mlango mwingine. Kila anayejifunza upimaji wa kikwanta hufundishwa kwamba spini N zisizofungamana, kila moja ikipima kivyake, huongeza usahihi kwa kipeuo cha pili cha N, kama mashahidi wengi wasiojuana. Spini 100 hukupa usahihi mara 10. Ukizifunga pamoja katika hali moja kubwa, zote hukusanya fezi kama kitu kimoja, na usahihi huongezeka kwa N yenyewe. Zile 100 hukupa mara 100. Ahadi hii ni tamu, na imeandikwa katika utangulizi wa maombi mengi ya fedha za utafiti, likiwemo langu. Udhaifu wa ahadi hiyo ulijulikana mapema. Mwaka 1997 Susana Huelga na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba, endapo kelele inaipiga kila spini kivyake bila kumbukumbu, ile hali iliyofungamana husahau fezi yake mara N upesi zaidi, na faida yote huliwa na hasara. Kinachokusanya fezi haraka huharibika haraka. Kwa muda mrefu nilidhani suluhisho ni kupata almasi safi zaidi na spini nyingi zaidi.

Hebu tazama hesabu ya spini mbili, ambazo ndizo tulizo nazo kwa kweli. Ahadi ile ikitimia yote bila kupungua, jozi iliyofungamana itaishinda spini moja mara 2, na itaishinda jozi isiyofungamana kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani mara 1.41. Kwa ajili ya asilimia 41 hizo mtu aunde mfungamano katika joto la chumba, kwa mfuatano mrefu wa mapigo ya maikrowevu ambayo kila moja lina makosa yake? Msimamizi wangu wa wakati ule, mtu mkarimu lakini asiyependa kupoteza gesi ya methani, aliniuliza swali hilo mwezi wangu wa tatu, na sikuwa na jibu.

Na kuzipata hizo mbili si kazi ndogo. Spini mbili za elektroni husikiana kwa nguvu zao za sumaku, na nguvu hiyo hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali: kwa nanomita 10 ni kilohezi 52 hivi, kwa nanomita 20 ni kilohezi 6.5, kwa nanomita 30 haifiki hata kilohezi 2. Ili zifungamane, lazima zisikiane kabla hazijasahau fezi zake, na kasoro zilizo karibu na uso wa almasi, ambako ndiko tunakozitaka ili ziwe jirani na kinachopimwa, mara nyingi hukumbuka kwa makumi tu ya mikrosekunde. Kwa hiyo nanomita 10 ndiyo saizi inayofaa, ilhali doa la mwanga la darubini yetu lina upana wa nanomita mia kadhaa, maana yake kasoro hizo mbili huonekana kama nukta moja. Kundi la Stuttgart lilifanikiwa kufungamanisha kasoro mbili za jirani katika joto la chumba mwaka 2013. Mwaka huo huo kundi la Delft, Uholanzi, lilifungamanisha kasoro zilizokuwa umbali wa mita 3 kwa kutumia fotoni, na mwaka 2015 zikawa umbali wa kilomita 1.3, lakini hilo ni jambo jingine, la mitandao ya mawasiliano na baridi kali, na si la kupimia kitu kilicho juu ya meza.

Njia moja ya kupata jozi ni kuirushia almasi molekuli za naitrojeni, ili atomi mbili zinazofika pamoja zijizike karibu karibu, kisha kuipasha joto ili mapengo yatembee na kuzikuta. Nyingi hazikutwi. Unabaki na maelfu ya nukta kwenye ramani, na unazipitia moja moja kama mtu anayechambua mchele usiku wa kukatika umeme.

Katika uchambuzi huo nilifanya kosa ambalo bado linaniwasha. Nukta moja katika safu ya saba ilikuwa angavu kuliko jirani zake, na bonde lake lilikuwa limegawanyika mara mbili, mabonde yakiachana kwa takriban megahezi 13. Niliamini nimepata kasoro mbili zinazoelekea pande tofauti za fuwele, kila moja na bonde lake. Nikaacha uchambuzi, nikaanza kuunda mfuatano wa kuzifungamanisha, na kwa wiki sita nikapata michoro isiyoeleweka ambayo kila siku niliitafutia maelezo mapya. Siku ya kikao msimamizi aliuliza kama nimehesabu fotoni zinazofika pamoja. Sikuwa nimehesabu. Kipimo hicho ni cha saa mbili tu: kasoro moja haiwezi kutoa fotoni mbili kwa mpigo mmoja, kwa hiyo mwanga wake ukigawanywa kwa vipokezi viwili, havilii kwa pamoja, zikiwa kasoro mbili, vinalia pamoja kwa nusu ya kiwango cha kawaida. Vipokezi vyangu karibu havikulia pamoja kabisa. Ilikuwa kasoro moja, na yule niliyemdhani ni mwenzake alikuwa kiini cha kaboni-13 kilichokaa jirani, kikiigawanya laini, yaani lile bonde la kwenye skrini, kwa usumaku wake. Nilikata nukta ile kwa mstari mwekundu na kuendelea na safu ya nane.

Kundi la Hefei, kama nilivyolielewa, lilianza kwa kuikataa dhana ya kwamba kelele huipiga kila spini kivyake. Spini mbili zikiwa zimekaribiana kiasi kile, sehemu kubwa ya kelele zinazotoka mbali kidogo huzifikia zote kwa kiwango kimoja. Ni kama watu wawili waliokaa ndani ya ngalawa moja: wimbi likija, wote huinuka na kushuka pamoja, na ukimtazama mmoja kwa macho ya mwenzake hujui hata kama bahari imechafuka. Hali iliyofungamana ambayo spini zake zinapingana ina tabia hiyo hiyo, kwa maana hukusanya tofauti ya fezi mbili na si jumla yake, hivyo kelele ya pamoja hujifuta yenyewe. Lakini kitu kinachopimwa, yaani spini moja ngeni iliyo jirani, kiko karibu na mmoja kuliko mwingine, na kwa kuwa nguvu hupungua kwa kipeo cha tatu, tofauti hiyo haijifuti. Jozi iliweza kungoja muda mrefu zaidi, na katika kungoja huko ikakusanya ishara ya jirani wakati kelele ya mbali imenyamazishwa. Waliripoti unyeti ulioongezeka mara 3.4 kuliko spini moja, na uwezo wa kutenganisha vitu vilivyokaribiana ulioongezeka mara 1.6, yote katika hali ya kawaida ya chumba. Linganisha hiyo 3.4 na ile 2 ambayo ndiyo kilele cha ahadi ya zamani. Kinachozidi hakiwezi kutoka kwenye idadi ya spini. Kimetoka kwenye kuchagua kelele gani isikike. Jozi hiyo pia iliwaonyesha spini ngeni zikibadilika hali papo hapo, bila mpangilio, jambo ambalo wastani wa mamilioni ya spini huwa unalificha.

Kazi ya Princeton, ya Jared Rovny, Shimon Kolkowitz na Nathalie de Leon, ndiyo iliyonifanya niweke penseli chini. Wao hawakutaka kuifuta kelele, walitaka kuipima. Katika vitu kama metali nyembamba na vipitishio vikuu vya umeme, yaani vile vinavyoupitisha bila ukinzani, mikondo na sumaku hutetemeka muda wote, na swali la mwanafizikia ni kama mtetemo wa hapa unaambatana na mtetemo wa pale, nanomita kadhaa pembeni. Mwaka 2022 kundi hilo lilionyesha katika jarida la Science namna ya kulijibu kwa kasoro mbili zisizofungamana: unasoma ya kwanza, unasoma ya pili, unazidisha majibu, unarudia. Sasa ikumbuke ile 30. Unapozidisha masomo mawili mabovu, ubovu nao huzidishwa, kwa hiyo kelele ya usomaji inaingia kwa kipeo cha pili, 30 mara 30, ambayo ni 900. Kwa jozi iliyofungamana hakuna haja ya kuzidisha. Jibu la kama fezi mbili zinakwenda pamoja au zinapingana limekwisha kuandikwa ndani ya hali yenyewe ya pamoja, kwa maana hali moja hukusanya jumla ya fezi na nyingine hukusanya tofauti yake, na unalisoma mara moja. Kelele ya usomaji inaingia mara moja tu, 30.

Muda wa kipimo huenda kwa kipeo cha pili cha unyeti. Kwa hiyo, kwa hesabu ya karatasi tu, tukiusahau upungufu wa mfungamano halisi na urefu wa mapigo yake, kupungua kutoka 900 hadi 30 ni kupunguza muda mara 900, na kipimo cha saa 24 kinaingia katika dakika moja na nusu. Kwa uhalisia faida ni ndogo kuliko hiyo. Hata hivyo, nilipoandika mstari huo wa hesabu nilijiona mjinga kwa namna ya kupendeza, kwa sababu kwa miaka yote nilikuwa nikiuona usomaji mbovu kuwa aibu ya vyombo vyetu, ambayo mtu huitaja kwa haraka katika aya ya mwisho, kumbe ndio uliokuwa unaufanya mfungamano uwe na thamani. Vyombo vingekuwa kamili, ile 30 ingekuwa 1, na 1 mara 1 ni 1. Katika usomaji kusingekuwa na cha kuokoa.

Ipo na njia ya tatu, ya kutumia spini nyingi bila kuzijua moja moja. Mwaka 2025 pia, makundi ya Ania Jayich wa Santa Barbara na Norman Yao wa Harvard yaliripoti kubana kelele ya kundi zima la kasoro, kwa kuziacha zisikiane zenyewe katika tabaka jembamba. Walishuka nusu desibeli chini ya kiwango cha spini zisizofungamana, ambayo ni pungufu ya asilimia 11 hivi. Wapo watakaocheka namba hiyo. Mimi, nikijua jinsi spini hizo zinavyokaa ovyo ndani ya almasi, baadhi zikiwa karibu mno na nyingine mbali, nashangaa kwamba zilikubali hata hiyo nusu.

Kilichobaki kigumu ni kile kile cha kuchambua mchele. Mbinu za jozi zinahitaji kasoro mbili zilizo umbali wa nanomita 10 hivi, na mtu hawezi bado kuziagiza; anarusha naitrojeni na kutafuta. Uso wa almasi nao una kelele zake, za elektroni zisizo na mshirika zinazozagaa juu yake, na hizo ziko karibu mno kiasi kwamba hazizifikii spini mbili kwa usawa. Ngalawa yetu inapigwa na mawimbi madogo yanayomrukia mmoja tu. Na kila jozi ina tabia zake, hivyo mapigo yaliyopangwa vizuri kwa moja hayaifai nyingine.

Lakini kuna kipande kimoja katika kazi ya Princeton ambacho nilikisoma nikiwa nimesimama. Kuna jozi ambazo kasoro zake zinaelekea upande mmoja na ziko ndani ya nukta moja, kiasi kwamba huwezi kuzitofautisha kwa mwanga wala kwa masafa, na mtu kama mimi angezipita bila kuzitazama mara mbili. Wao walitumia kiini cha kaboni-13 kilichokaa jirani na kasoro mojawapo. Kiini hicho huigawanya laini ya kasoro iliyo jirani yake peke yake, na kwa kupitia yeye waliweza kuigeuza spini moja na kuiacha nyingine, kana kwamba mmoja wa mapacha amevaa kofia.

Jioni ile nilitoa daftari la zamani. Ramani ya sampuli bado imebandikwa kwa gundi iliyokauka, na katika safu ya saba nukta ile ipo, imekatwa kwa wino mwekundu, pembeni yake nimeandika kwa hasira "kaboni". Nimehesabu nukta nyingine zilizokatwa kwa sababu hiyo hiyo: ziko 23. Zote niliziondoa baada ya kuona laini imegawanyika, na baada ya aibu ya ile ya kwanza sikuzihesabia hata moja fotoni zinazofika pamoja. Kipande chenyewe cha almasi kiko kwenye kijisanduku chake cha plastiki, na nimeomba saa za leza Jumanne ijayo.